Nani Azime Mashine

Nyumbani kwa Mama
4 Mei

Wifi yangu mpenzi,

Nimefika salama, ingawa barabara imenichambua mgongo kama pamba. Mama yuko kitandani, nyonga imefungwa, mdomo haujafungwa. Hata sijatua mkoba akaniuliza, "Kiwanda umemwachia nani?" Nikamwambia, "Mkweo, mke wa kaka." Akatafakari, akasema, "Afadhali. Yule angalau husikiliza anapoambiwa." Ichukue kama sifa. Mimi mtoto wake wa kumzaa sijawahi kupewa hata hiyo.

Daktari anasema ni miezi, si wiki, kabla hajasimama mwenyewe. Kwa hiyo niko huku, na tuelewane mapema. Simu huku ni pambo la mkononi, haishiki. Ila lori la maziwa hushuka mjini na kurudi, na dereva wake amekubali kubeba barua. Ni mtu mwema, lakini mdomo wake hauna breki, kwa hiyo bahasha uzigundishe vizuri.

Kuanzia leo wewe ndiye mimi hapo kwenye kiwanda chetu cha kufulia. Nililisema mbele ya wafanyakazi wote na sasa nalirudia kwa maandishi. Amua. Sitaki kuingilia. Ila sabuni usibadilishe, ile ya bei rahisi hula vitambaa. Mapazia ya hoteli usiyapokee yakiwa na madoa kabla hujamwonyesha mwenyewe. Mashuka ya hospitali yasichelewe hata dunia ipinduke. Na mashine usizizime bila kuniambia. Unakumbuka mwaka jana Fundi alivyozima boila kwa kichwa chake, tukakaa kutwa tunatazamana na marundo ya nguo mbichi, nikamsema mbele ya watu mpaka sauti ikanikauka. Sitaki yale yarudi.

Kwa kifupi, madogo amua, makubwa niulize. Utayajua tu yapi ni makubwa.

Jikaze kisabuni, wifi. Ndiyo kazi yetu.

Wifi yako mkubwa


Kiwandani
9 Mei

Wifi mkubwa, shikamoo,

Nimefurahi kusikia mdomo wa Mama mkwe ni mzima. Mpe pole nyingi, mwambie bado nasikiliza.

Huku tunakwenda. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti chako nikajiona kama mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Kaka yako alipiga simu kutoka safarini, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimeoa bosi! Nikirudi niombe ruhusa ya kuingia kwangu?" Nikamwambia aandike barua.

Nimeamua jambo moja, nakujulisha tu. Mama Pacha nimemhamishia zamu ya asubuhi. Jioni wale pacha wake hubaki peke yao, na yeye huifikia mashine ya pasi akiwa amekwisha choka na shughuli za nyumbani. Mwenzake wa asubuhi hana mtoto, wamebadilishana kwa kupenda kwao.

Sasa hili nakuuliza, maana sijui ni dogo au kubwa. Kwenye ile mashine kubwa ya pasi kuna ule upau wa kinga mbele ya silinda la moto, ambao mkono ukiugusa tu mashine husimama. Siku hizi hausikii. Mama Pacha aliniita akanionyesha. Aliugusa, silinda likaendelea kuzunguka kama halijaambiwa kitu. Akaugonga kwa nguvu, ndipo likasimama. Akaniambia, "Bi Mdogo, hii siku moja itanila." Unamjua, si mtu wa maneno mengi.

Fundi anasema kuutengeneza lazima mashine izimwe, na hawezi kuapa atakuta nini ndani. Tukiizima, mashuka ya hospitali huenda yakachelewa. Nizime au nisizime? Nijibu kwa lori lijalo, tafadhali.

Wifi yako mdogo


Nyumbani kwa Mama
13 Mei

Wifi,

Barua yako nimeisoma mkono mmoja, wa pili ukiwa umeshikwa na Mama nisiondoke. Maumivu yakimjia hataki mtu mwingine.

Zamu ya Mama Pacha irudishe kama ilivyokuwa. Najua umefanya kwa roho safi, lakini leo ukimhamisha mmoja, kesho watakujia wote, kila mtu na pacha zake. Zamu nazipanga mwenyewe na nina sababu zangu. Na nasikia kwa dereva kwamba umewaruhusu kunywa chai ndani ya chumba cha kukunjia. Chai na mashuka meupe, wifi? Hata wewe?

Kuhusu ule upau. Mashine ile ni ya zamani, ina visirani vyake kama Mama. Wewe ndiye uliyepo hapo, mimi kutoka huku sioni kitu. Itazame, tumia akili. Ila kumbuka hospitali haina akiba ya mashuka, wagonjwa watalala juu ya nini? Pima mwenyewe. Nakuamini kabisa.

Mama anakusalimu. Anauliza kama umenenepa.

Wifi yako mkubwa


Kiwandani
21 Mei

Wifi mkubwa, shikamoo,

Natumaini Mama mkwe anaendelea vizuri.

Zamu niliirudisha kama ulivyoagiza. Chai sasa wanakunywa uani. Mapazia ya hoteli yametoka vizuri, mwenyewe ameyasifu.

Juzi jioni Mama Pacha aliumia mkono kidogo kwenye mashine ya pasi. Tulimkimbiza hospitali na anahudumiwa. Mashine imezimwa kwa sasa. Mashuka tuliyamaliza kwa pasi za mkono, yalifika kwa wakati.

Sina mengi.

Wifi yako mdogo


Nyumbani kwa Mama
24 Mei

Wifi,

Kidogo?

Dereva ameniambia vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa, na kiganja kizima kimeungua. Ameniambia hapa mlangoni, mbele ya Mama, akidhani najua. Nilikuwa na ndoo ya maji, nikajikuta nimekaa chini na maji yamenilowesha mpaka kifuani. Mama anapiga kelele kutoka kitandani, "Kuna nini? Nani kafa?" na mimi habari nilizonazo ni za mapazia uliyoniandikia.

Nilikuambia itazame. Nilikuambia tumia akili. Unajua upau hausikii, Mama Pacha mwenyewe amekuonyesha kwa mkono wake, unamwekaje mbele ya mashine hiyo? Ulishindwa kunyoosha mkono ukazima? Mpaka nipande lori nije nikuzimie? Nimekuachia kiwanda kizima, watu wote nimewaweka chini yako, na swichi moja tu imekushinda.

Nimemlea na kumtunza yule mama kazini miaka yote hajawahi kuchubuka hata ukucha. Nimekupa wiki mbili.

Niandikie ilivyokuwa. Usinifiche.

Wifi yako mkubwa


Kiwandani
28 Mei

Bosi, shikamoo,

Mimi Fundi. Sijazoea kuandika barua, utanisamehe mpangilio. Bi Mdogo hajui kama nakuandikia.

Nimemkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma, barua yako ameishika, hatazami mtu. Sijaisoma, ila dereva amekwisha kutusomea kwa mdomo wake kwamba umemlaumu kwa kutozima mashine. Bosi, kwa heshima zote, hilo halikuwa hivyo.

Tarehe kumi na sita alinijia pale kwenye boila, wafanyakazi wakiwepo. Akasema, "Fundi, izime pasi kubwa. Uifungue leo leo. Hospitali nitaongea nao mimi." Hakusitasita. Mimi nikamwambia haiwezekani. Akaniuliza kwa nini. Nikasema haiwezekani tu. Akarudia mara ya pili, sauti yake imebadilika, nikaendelea kukaza boliti ambazo zilikuwa zimekwisha kukazwa. Watu wote walikuwa wanatutazama. Akaondoka.

Nilikataa kwa sababu ya neno lako. Siku mbili kabla, dereva alinikuta getini akaniambia, "Bosi anasema mashine yoyote usiguse mpaka yeye aseme, hata mwenzake akikuambia." Nami bado nina kovu la mwaka jana, la boila. Ulinisema mbele ya wanangu, siku hiyo walikuwa wamekuja kuniletea chakula. Niliapa sitazima tena kitu katika kiwanda hiki bila kinywa chako.

Sikumwambia Bi Mdogo kwamba katazo lilikuwa lako. Nilidhani ni kukuheshimu. Kumbe nilimwacha aamini kwamba mimi ndiye nimemdharau, kwa kuwa ni mwanamke, kwa kuwa ni mdogo, kwa kuwa ni mgeni kwenye kiti. Nililiona usoni mwake na sikulisahihisha.

Na jambo lenyewe, Bosi, ilikuwa springi iliyochoka na waya uliolegea. Baada ya kumtoa Mama Pacha niliifungua nikaitengeneza, na chai niliyokuwa nimeiacha mezani nilirudi nikaikuta bado ina moto.

Ukitaka niondoke nitaondoka. Nitakuachia funguo zote.

Fundi wako


Nyumbani kwa Mama
1 Juni

Wifi yangu,

Fundi ameniandikia. Sasa najua ulisema zima.

Nimejaribu kuanza barua hii kila nilipomgeuza Mama kitandani, na kila mara nilianza na maelezo. Kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba dereva alikuwa anawasha injini, kwamba nilisema nusu kwa mzaha. Siyaandiki. Lile neno nililituma mimi, na nililituma asubuhi ileile niliyokuandikia "nakuamini kabisa." Nilimpa dereva bahasha yako, akaiweka mfukoni, kisha nikamwita arudi dirishani nikamwongezea la Fundi. Nilikuvunja miguu hata hujaanza kutembea.

Ukitaka kujua kwa nini, ni hivi. Nilitaka kuondoka bila kuondoka. Mambo yakienda vizuri yawe yangu, yakiharibika yawe yako. Sikuyawaza kwa maneno haya, lakini ndivyo nilivyofanya. Wewe uliniuliza neno moja, nizime au nisizime. Mimi nikakujibu kwa maneno mengi ambayo ndani yake hamna jibu, na niliyachagua yasiwe na jibu. Ningesema zima, mashuka yakichelewa lawama ni yangu. Ningesema usizime, mtu akiumia lawama ni yangu. Nikasema tumia akili.

Na ile zamu. Wewe ulikuwa umemtoa jioni. Aliumia jioni. Mimi ndiye niliyemrudisha, kwa sababu tu sikupenda kuona kitu kimebadilishwa bila mimi. Zile "sababu zangu" nilizokuandikia, wifi, hazikuwepo.

Halafu nikakuandikia ile barua ya tarehe ishirini na nne. Nakuomba uichane. Najua kuichana hakutaifuta, lakini ichane.

Nitarudi. Nikipata mtu wa kukaa na Mama hata kwa wiki, nitapanda lori nije niongee na Mama Pacha mwenyewe.

Wifi yako mkubwa


Kiwandani
5 Juni

Wifi mkubwa, shikamoo,

Barua ya tarehe ishirini na nne sikuichana. Samahani. Kuna vitu ndani yake ni vya kweli, na hujui ni vya kweli kiasi gani.

Niliposoma kuhusu neno ulilomtumia Fundi nilikasirika. Nilijiambia, kumbe nilivishwa kilemba cha ukoka! Watu wote waliniita Bi Mdogo, wakanisalimu, wakaniletea chai, na kumbe hakuna aliyeruhusiwa kunitii. Nilitaka kukurudishia funguo kwa lori. Kisha nikakumbuka siku ya ajali, hasira ikaniishia, nikabaki na kile ambacho sijamwambia mtu yeyote, hata kaka yako.

Fundi aliponikatalia mbele ya watu nilijifungia ofisini nikalia. Sikulilia mkono wa mtu, wifi. Nililia heshima yangu. Nikajiambia, kama hawanitaki, basi mashine yao na iende itakavyo. Mtu mzima mimi, nikasusa.

Siku ya ajali Mama Pacha alikuja ofisini kabla zamu haijaanza. Akasimama mlangoni, akasema, "Bi Mdogo, leo siigusi ile mashine."

Nikamwuliza, "Kwa ruhusa ya nani?"

Dharau ileile niliyokuwa nimechomwa nayo, nikaichukua nikamchoma nayo mwenzangu. Akasema, "Sina ruhusa. Naogopa tu." Nikamwambia kama anaogopa aende nyumbani, wapo wengi wanaoitafuta kazi yake. Alinitazama kidogo, kama anayetafuta mtu aliyemjua zamani. Kisha akafunga aproni yake, akaenda.

Nilisikia ukelele wake nikiwa bado nimekaa palepale.

Ndiyo maana nilikuandikia "kidogo." Kalamu ilikataa. Nilijua ukisoma neno lenyewe utaniuliza nilikuwa wapi, na mimi nilikuwa ofisini, najisikia bosi kwa mara ya kwanza wiki ile.

Kitu kingine. Baada ya ajali nilikwenda kwa msimamizi wa mashuka pale hospitali, moyo mkononi, nikamwambia mashuka yanayofuata yatachelewa kwa wiki nzima, maana pasi kubwa sikutaka iwashwe. Akafunua daftari lake, akasema, "Sawa, tutaazima kwa wenzetu. Mngesema tu." Nilirudi kwa miguu. Sikuweza kukaa kwenye gari na watu.

Usije. Mama mkwe anakuhitaji, na ukija utashika kila kitu, na mimi nitafurahi ukishike, na hapo hatutakuwa tumetengeneza chochote. Ila usiniandikie tena "nakuamini." Niandikie kipi ni changu. Kilicho changu kiwe changu hata kikiniumiza. Na kisicho changu sema wazi mbele ya wote si changu, nitakaa mapokezi nitoe risiti, wala sitanuna.

Wifi yako mdogo


Nyumbani kwa Mama
10 Juni

Kwa wafanyakazi wote. Fundi, nakuomba uisome kwa sauti, uani, watu wote wakiwepo.

Ndugu zangu,

Mama Pacha ameumia katika kiwanda changu na chanzo ni mimi. Niliondoka nikasema wifi yangu ndiye mwamuzi, kisha nikampita kwa nyuma nikamwambia Fundi asimsikilize. Mtu asiseme tena kwamba Bi Mdogo alishindwa kuamua. Aliamua. Nilimfunga mikono mimi.

Sasa sikilizeni, maana sitaki mtu abahatishe tena.

Mashine yoyote, ukiona inakutisha, izime. Wewe mwenyewe, hata kama umeajiriwa jana. Usije ofisini kuomba ruhusa, zima kwanza ndipo useme. Ikifunguliwa ikakutwa haina kitu, hakuna atakayesemwa, na nikisikia mtu amechekwa kwa hilo nitataka kumjua aliyecheka.

Zamu, wateja, matengenezo, nani afanye nini na lini, anaamua Bi Mdogo. Akishasema imekwisha. Fundi, hapo hunisubiri mimi. Akikosea tutazungumza mimi na yeye, faragha, na uamuzi wake utasimama mpaka yeye mwenyewe aubadilishe. Kwangu nimebakiza machache: kununua mashine mpya, kumfukuza mtu kazi, na kuuza kiwanda, ambacho siuzi.

Na mtu akiletewa neno langu kwa mdomo wa dereva, alichukulie kuwa ni habari za hali ya hewa. Dereva, najua unasikiliza. Nakushukuru kwa maziwa.

Fundi, suala la wewe kuondoka au kubaki si la kuniuliza mimi. Sijakufukuza. Mengine ongea na Bi Mdogo. Na la boila, mwaka jana, mbele ya wanao: ulikuwa sahihi kuizima. Nilipaswa kulisema siku ileile.

Wifi Mkubwa


Nyumbani kwangu
19 Juni

Kwenu nyote wawili, Bosi na Bi Mdogo,

Anayeandika ni jirani yangu, mimi nasema. Akiongeza chumvi nitajua, maana lazima anisomee.

Barua zenu zimefika. Bosi anasema kosa ni lake. Bi Mdogo anasema ni lake. Fundi alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda pale mlangoni, akasema ni lake, maji niliyompa hakuyanywa. Nimewasikia. Lakini niwaambie kitu. Wakati wa kuizima mashine, hamkupatikana hata mmoja wa kusema hii ni yangu. Sasa hatia imekuja, mnaigombania kama nguo za mnada.

Mimi mwenyewe swichi nilijua ilipo. Niliipita nikienda kufunga aproni. Ningenyoosha tu mkono. Nililiwaza hilo siku zote nilizolala wodini, nikitazama shuka nililofunikwa. Lilikuwa shuka letu, Bosi. Nililijua kwa ule mshono wa pindo. Huenda nililipiga pasi mimi. Kwa hiyo nami fungu langu la majuto ninalo, wala sihitaji la kwenu juu yake.

Mnaniomba msamaha. Bado. Sisemi sitatoa. Ukija utakuja, msiuvute.

Bi Mdogo, umeniandikia kwamba umenipangia mapokezi, kukaa kwenye kiti na kutoa risiti. Nimeona umefikiria, asante. Lakini nani aliniuliza? Mlipokuwa hamniamulii niliumia, sasa mnaniamulia kila kitu, mpaka kiti cha kukalia. Mkono uliobaki ni wangu. Kidonda kikifunga nitakuja, niione ile mashine kwa macho yangu, ndipo nitakuambia nafanya nini.

Pacha wote wazima. Wamejifunza kunisuka nywele, wananisuka vibaya.

Mama Pacha


Nyumbani kwa Mama
25 Juni

Wifi yangu,

Barua ya Mama Pacha nimeisoma nikaiweka chini, nikaichukua tena. "Bado." Nashukuru kwamba hakusema neno la kutufurahisha.

Mama ameanza kusimama kwa fimbo. Nikimshika ananifokea, "Niachie, nasimama mwenyewe!" Nikimwachia anafoka, "Umeniacha!" Jana nilikuwa namcheka moyoni, kisha nikaona namcheka mtu ninayemfahamu sana.

Mashuka yake nafua kwa mkono hapa uani. Juzi nilikunja vidole viwili vya mkono wa kulia, vile vilevile, nikajaribu kukamua. Shuka halikamuliki, wifi. Linateleza, maji yanabaki. Nilijaribu mpaka Mama akaniita kuuliza mbona kimya. Nikifikiri kwamba miaka yote niliringa hakuna aliyechubuka kwangu! Nilikuwa na bahati tu, nikaiita uangalifu.

Unaniuliza ufanye nini Mama Pacha akija akataka kurudi kwenye pasi. Maoni yangu unayajua. Ningekuwa hapo, hata kuisogelea nisingemruhusu. Lakini hayo ni maoni, na mwenye mkono amekwisha kusema wa nani. Kazi ya kiwandani umepewa wewe. Usiniulize hili. Niambie tu baadaye, na kama nitanung'unika, nitanung'unikia huku huku.

Wifi yako mkubwa


Kiwandani
3 Julai

Wifi mkubwa, shikamoo,

Nakuarifu, siombi ruhusa.

Zamu ya jioni ya pasi kubwa nimeifuta. Tunapiga pasi mchana tu, na hospitali nimewapunguzia mzigo. Wamelalamika kidogo, wamekubali. Fundi nimembakiza. Nilimwita pale pale kwenye boila, mbele ya watu walewale, nikamwambia, "Siku ile nilisema zima, ukakataa." Akavua kofia, akasema, "Ndiyo, Bi Mdogo. Nilikataa." Basi. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya ziada, yakaniishia mdomoni.

Mama Pacha amekuja leo. Kitambaa cheupe kimezunguka mkono, nywele zimesukwa kombo kweli. Watu waliacha kazi wakamtazama, akasema, "Mna lenu?" wakarudi kwenye kazi zao. Nikamwuliza, "Unataka kufanya nini?" Ilikuwa mara ya kwanza namwuliza hivyo tangu nikalie kiti chako.

Alikwenda kwenye mashine, mimi nyuma yake, Fundi nyuma yangu. Akaiwasha yeye mwenyewe. Silinda likaanza kuzunguka, mvuke ukapanda. Akaugusa upau kwa mkono wa kushoto, kwa ncha ya kidole tu, na mashine ikasimama. Akaiwasha tena, akaugusa tena. Alifanya hivyo mara nyingi, wifi, hata sijui ngapi, na mimi kila silinda lilipoanza kuzunguka nilishika mdomo wangu nisimwambie aache.

Mwishowe akaizima, akageuka. Akasema, "Imepona. Lakini sifanyi kazi hapa. Na mapokezi sikai."

Nikasema, "Sawa."

Akaenda chumba cha kukunjia, akachukua shuka juu ya rundo. Unajua shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Akalishika pembe moja kwa mkono mzima, nyingine akaibana kwa vile vidole vilivyobaki, akabaki amesimama nalo, anatazama ukuta. Wenzake watatu walikuwepo pale. Hakumwita yeyote kati yao, wala hakuniita mimi.

Nikaweka funguo chini. Nikashika upande wa pili.

Tulikunja tukisogeleana na kuachana, mashuka kwa mashuka. Kila tulipokutana katikati nilimpa pembe zangu, naye akazipokea kwa ule mkono, na mimi nikatazama chini. Sikujua nitazame wapi. Kuna mahali nilifungua kinywa nimwambie tena lile neno la samahani. Nadhani aliliona linakuja.

Akasema, "Vuta."

Nikavuta.

Wifi yako mdogo